Kuijua Kigoma kwa baiskeli: mwongozo kamili wa kupita njia moja kwa saa tofauti

Saa 12 asubuhi Kigoma bado kuna giza. Mgeni aliyezoea Dar es Salaam huamka, akatazama simu, akatazama dirisha, akadhani simu imekosea. Haijakosea. Saa yetu ni ile ile ya Dar, ila sisi tuko mwisho wa nchi upande wa magharibi, na jua hutufikia kama dakika 40 baada ya kuwafikia wao. Deni hilo hulipwa jioni: saa 12 na nusu bado ni kweupe, na jua huzama nyuma ya milima ya Kongo karibu na saa 1. Kwa mwendesha baiskeli hili ndilo jambo la kwanza kulijua, kwa sababu ndilo linaloamua utoke saa ngapi, urudi saa ngapi, na kama unahitaji taa. Unaihitaji.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu anayeishi hapa, mwenye baiskeli au anayefikiria kununua, ambaye angependa kuujua mji wake kuliko anavyoujua sasa. Mimi nimekulia Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini. Kwa miaka mingi niliamini naijua Kigoma, kumbe nilikuwa naijua kupitia dirisha la daladala na juu ya bodaboda, vitu vinanipita kabla sijavitazama mara ya pili. Hatua zote nilizoandika hapa zinarudi kwenye jambo moja: chagua njia moja, uipite mara nyingi, kwa saa tofauti. Usihangaike kuuzunguka mji mzima kwa Jumamosi moja.

Anza na breki

Si lazima baiskeli iwe mpya. Yangu ni Phoenix ya inchi 28 niliyoachiwa na baba mkubwa, nzito, ya chuma tupu, breki za fito za chuma badala ya waya. Ingekuwa Tabora, kwenye tambarare ile, ningesema chukua yoyote uondoke. Kigoma ni vilima. Kutoka stesheni ya reli kwenda Mwanga unapanda, na kutoka Mwanga kurudi ziwani unateremka kwa kasi usiyoitegemea. Kwa hiyo kabla hujatazama kiti, rangi au kengele, tazama breki.

Nililijua hili kwa maumivu. Mwaka mmoja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, niliichukua baiskeli kwa fundi aliyekuwa amebadilisha raba za breki. Sikuzijaribu. Nilipofika katikati ya mteremko raba moja ya nyuma ikachomoka, rimu imelowa, breki ya mbele peke yake haikunitosha. Niliingia mtaroni na kiwiko kikachunika. Mama mmoja aliyekuwa anauza maandazi aliacha beseni lake akaja kuniinua, akanipangusa tope kwa kanga aliyojitanda. "Pole, baba," akasema. "Huko kulikobaki shuka kwa miguu." Nilishuka kwa miguu. Baadaye nikaitazama ile breki na kuelewa kosa. Raba ya breki hukaa ndani ya kikombe cha chuma ambacho upande mmoja umezibwa na mwingine uko wazi. Upande uliozibwa lazima uelekee kule gurudumu linakozungukia, ili unapobana, raba isukumwe dhidi ya chuma. Yangu ilikuwa imegeuzwa, na gurudumu likaitoa lenyewe.

Basi kagua hivi, kila unapotoka kwa fundi na kila Jumapili. Bana breki ya mbele kwa nguvu kisha isukume baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma linyanyuke. Bana ya nyuma, sukuma tena. Gurudumu liburuzike, lisizunguke. Kama breki zako ni za waya na mkono wa breki unagusa usukani, waya umelegea. Raba zibane rimu tu, zisifike kwenye tairi. Na mvua ikinyesha, anza kubana kidogo kidogo mapema, huku ukiachia, ili raba zifute maji kwenye rimu kabla hujahitaji kusimama kweli.

Mengine ni mepesi. Urefu wa kiti: kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini, mguu unyooke. Upepo: bonyeza tairi kwa dole gumba ukiwa umesimama wima juu yake, likibonyea kirahisi, ongeza. Cheni: oili ya cherehani, tone moja moja kwenye kila kiungo, izungushe, kisha ifute mpaka kitambaa kisitoke cheusi. Usipake mawese. Najua hayakosekani jikoni kwetu na kuna mtu atakuambia mafuta ni mafuta, lakini mawese hunata, hushika vumbi, na baada ya wiki mbili frilwili, yale meno ya gurudumu la nyuma, inakuwa na tope jekundu ambalo utalikwangua kwa kijiti.

Taa ya mbele iwe nyeupe, ya nyuma nyekundu. Tochi ya kawaida iliyofungwa kwenye usukani kwa kipande cha tyubu kuukuu inatosha. Kwenye keria funga pampu, viraka, gundi, msasa, spana moja na chupa ya maji. Daftari dogo na penseli, siyo kalamu ya wino, viweke kwenye kopo lenye mfuniko.

Chagua njia moja

Yangu ni Mwanga hadi Ujiji. Urefu wake hutegemea unaanzia wapi na unaishia wapi. Ukikaa mjini unaweza kuchukua ya kwenda Kibirizi, kwenye mwalo, yaani ufukwe zinakofikia boti za dagaa na za abiria, au ya Bangwe na Katonga. Zote ni nzuri. Muhimu ni uichague moja na usiiache kabla hujaipita mara kumi.

Ujiji nimeipendea ukongwe wake. Hapo ndipo njia ya misafara ilikuwa inaishia, kutoka Bagamoyo, kupitia Tabora. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walifika hapo mwaka 1858, na mwaka 1871 Stanley akamkuta Livingstone hapo hapo. Kumbukumbu yao ipo, pamoja na miembe iliyotokana na ule mwembe wa zamani unaosemwa Stanley na Livingstone walikutana chini yake, na watalii hupelekwa hapo, wakapiga picha, wakarudi. Wewe una baiskeli. Endelea hadi ziwani. Pale ufukweni, siku ukibahatika, utamkuta fundi boti anatia kalafati. Anachukua pamba, anaisokota kwa vidole iwe kama uzi mnene, anaipachika kati ya mbao mbili, kisha anaigonga ndani kwa patasi na nyundo. Gonga, gonga, kimya, anasogea kidogo, gonga tena. Nilisimama hapo nikidhani ni dakika tano. Niliporudi kwenye baiskeli, kivuli kilikuwa kimehama na kiti kinachoma.

Safari ya kwanza na ya pili utaona barabara tu: mashimo, malori, bajaji inayokata kona bila kuonyesha. Usikate tamaa, macho bado yanaogopa. Kwenye safari ya nne au ya tano ndipo watu wanaanza kuonekana. Kwangu ilianza na meza. Kulikuwa na mzee aliyekuwa anauza mawese kando ya njia, chupa tano juu ya meza moja, amezipanga kwa urefu kama watoto wa shule wakiwa mstarini. Nilikuwa nimempita mara kadhaa na kumpigia shikamoo. Siku moja meza haikuwepo. Nilishuka nikamuuliza kijana wa duka la jirani.

"Mzee wa hapa yuko wapi leo?"

"Amempeleka mjukuu hospitali, kaka."

Nikaacha salamu, nikaendelea na safari. Siku tatu baadaye meza ilikuwa imerudi, na mzee akanipungia mkono kabla hata sijamfikia. "Niliambiwa umeniulizia," akasema. Mjukuu alikuwa amekaa chini ya meza anakula embe, juisi inamtiririka hadi kwenye viwiko. Nimepita njia ile kwa gari mara mia, na sijawahi kuiona meza ile.

Panga saa, na utazame mwezi

Ukishachagua njia, igawanye kwa saa. Ipite alfajiri, saa 11 na nusu hadi saa 1, ukiwa na taa. Ipite saa 4 asubuhi. Ipite jioni, saa 11 hadi jua linapozama. Mchana wa saa 7 na saa 8 niachie mimi nikuambie tu: ni joto, watu wako kivulini, na wewe kaa nao. Kila saa ina mji wake. Alfajiri ya Ujiji ni adhana na ufagio uani. Saa 4 ni mama wanaotoka sokoni, majani ya muhogo yametokeza kwenye vikapu. Jioni ni moshi, na harufu ya migebuka, samaki wa ziwani kwetu, wanaokaangwa kwa mawese, ambayo ikikukuta kwenye kilima na njaa yako unaweza kushuka ukasukuma bila kujitambua.

Kama njia yako inafika kwenye mwalo, saa peke yake haitoshi. Lazima uujue mwezi. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa: zamani karabai, siku hizi balbu za betri na sola. Taa huwavuta dagaa juu, kisha wavu unawainua. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, kwa hiyo siku za mwezi mpevu boti nyingi hulala ufukweni. Basi ukitaka kuona dagaa wakishushwa Kibirizi, nenda asubuhi za siku za giza, mwezi ukiwa umeisha au mchanga kabisa. Ukitaka kuona nyavu zikishonwa, na wavuvi wakiwa na nafasi ya kuzungumza, nenda mwezi ukiwa mkubwa. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Niliendelea kwenda katika miezi ile. Chanja zilikuwa tupu, watoto wamegeuza mchanga wa kuanikia kuwa uwanja wa mpira, na harufu ya pale, ambayo sisi tumeizoea hata hatuisikii, ilikuwa imeondoka. Ndipo nilipojua kwamba niliipenda.

Siku za neema, simama karibu na wanaoanika. Kuna mama mmoja hupima ukavu kwa sikio. Anachota dagaa kwa kiganja, anakipeleka kichwani, anatikisa. Wakiwa bado na maji hawatoi sauti. Wakikauka wanalia kama mchele mkavu kwenye ungo. Alinipa nijaribu. Mara ya kwanza sikusikia tofauti. Mara ya nne nikasikia, akacheka kwa furaha kama vile ni yeye aliyefaulu.

Wakati wa kurudi pumzikia karibu na stesheni kabla ya kukikabili kilima. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na meli yetu ya Liemba ilikuja kwa reli hiyo hiyo, vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa hapa hapa. Wajerumani walioileta waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Kunywa maji. Halafu panda pole pole chini ya miembe, na pumzi ikikata, shuka usukume. Hakuna mtu Kigoma atakayekucheka kwa kusukuma baiskeli mlimani, wengi tunasukuma.

Namna ya kupita mbele za watu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi hukosea hapa na kisha hulalamika kwamba mji haukuwapa kitu.

Punguza mwendo unaposalimia. Shikamoo ya kurusha huku unakanyaga pedeli ni nusu ya salamu; marahaba inatoka na wewe umeshafika mbali, na aliyeitoa amebaki nayo mdomoni. Achia pedeli, baiskeli ijiendee, salimia, subiri jibu, ndipo ukanyage. Kwa wazee wa Kiha, asubuhi sema "mwakeye", mchana "mwidiwe". Hata kama Kiha chako kinaishia hapo, uso wa mtu utafunguka.

Ukikuta msiba, turubai na viti vimefika hadi barabarani, usipite umekaa kwenye kiti cha baiskeli. Shuka, sukuma, sema poleni. Ukikuta dagaa wameanikwa mchangani, usikatize hata kama kuna upenyo. Mchanga unaorushwa na tairi unaingia kwenye chakula cha watu. Ijumaa mchana, watu wakitoka msikitini Ujiji, shuka pia, njia ni nyembamba na kuna wazee. Na simu iache mfukoni mpaka uombe ruhusa. Mtu akisema hapana, shukuru, endelea kuzungumza naye. Mazungumzo ndiyo uliyoyafuata.

Pancha

Itakupata. Usiione kama mwisho wa safari.

Geuza baiskeli juu chini. Toa upepo wote. Chomoa ukingo mmoja wa tairi kwa vipini vya vijiko viwili, siyo bisibisi, itakutobolea tyubu mara ya pili. Vuta tyubu nje, ijaze upepo hadi inenepe. Fundi wangu wa karibu na soko la Mwanga, kabla hajagusa beseni la maji, huipitisha tyubu yote polepole karibu na shavu lake amefumba macho. "Sikiliza kwanza," aliniambia. "Maji ni ya tundu dogo." Tundu kubwa linapuliza shavuni. Tundu dogo ndilo linahitaji beseni, na linajionyesha kwa vitone vya hewa vinavyopanda kimoja kimoja.

Weka alama kwa penseli. Kausha, sugua kwa msasa mahali papana kuliko kiraka, paka gundi nyembamba, kisha ngoja. Kungoja ndiko watu wanakoshindwa. Gundi isinatie kidole tena ndipo ubandike, ukandamize kwa nguvu. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi kuzunguka lote. Kitanasa kwenye msumari au kipande cha kioo kilicholeta balaa. Usipokitoa, utaziba tena kabla ya kufika nyumbani.

Andika mistari mitatu

Siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. Kesho yake kilichobaki ni "nilikwenda Ujiji, kulikuwa kuzuri", na hilo halina faida. Andika kitu ulichokiona, sauti uliyoisikia, na kimoja kilichokushangaza. Kikipewa jina lake, kitu hakipotei. Hizi ni zangu mbili:

"Jumanne, Kibirizi, saa 1 na dakika 20 asubuhi. Mtoto anasukuma rimu tupu kwa kijiti, amevaa shati la shule lililofungwa vifungo vitano kwenye matundu manne. Boti ya abiria inaita watu. Leo milima ya Kongo inaonekana hadi mabonde yake, usiku mvua imeosha hewa."

"Alhamisi, Ujiji, saa 11 jioni. Wazee wawili wanacheza bao barazani, mmoja amekamata kete hewani muda mrefu mpaka mwenzake akamwambia, weka chini bwana, zina uzito. Kuku amelala ndani ya kikapu cha baiskeli ya mtu."

Siri za watu usiziandike. Aliyekusimulia shida yake ufukweni alikusimulia wewe.

Mvua

Kuanzia Oktoba hadi Aprili au Mei beba uangalifu zaidi. Radi za Kigoma si za kuchezea. Wingu jeusi likipanda na ukaanza kusikia ngurumo, usijifiche chini ya mwembe hata kama umejaa majani kiasi gani, na usibaki umeshika chuma sehemu ya wazi. Tafuta nyumba, omba baraza, egesha baiskeli mbali nawe kidogo. Utakaribishwa kiti. Msimu huo huo maembe huanguka barabarani, na embe lililopondwa na gari linateleza kama sabuni; kwenye kona lizunguke.

Safari ya kumi

Hii ifanye usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, katika miezi ya kiangazi, ziwa likiwa halijafungwa kwa uvuvi. Nenda na mwenzako, taa zote mbili ziwake, na kaeni kushoto kabisa. Tafuteni mahali palipoinuka panapoliona ziwa, zimeni taa za baiskeli, mkae.

Mara ya mwisho nilikwenda na binti yangu, amekaa kwenye keria. Mwanzoni hakuna kitu, weusi tu. Halafu jicho linazoea na taa za wavuvi zinatokea, kwanza za karibu, halafu za mbali, mpaka unadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Alianza kuzihesabu kwa sauti. Alipofika sitini na kitu, taa tatu zikasogea, akapotea, akaanza tena moja.

Nilimwacha ahesabu. Tulirudi nyumbani saa 3, yeye amesinzia mgongoni kwangu, mimi nasukuma.